Wiki ya siku nne katika shirika la utetezi wa afya: tuikubali kwa masharti gani?

Afisa utetezi, Dodoma mjini

Ndugu zangu, habari za kazi. Niko katika shirika dogo lisilo la kiserikali lenye watumishi tisa. Tunafuatilia upatikanaji wa dawa katika zahanati za vijijini, kisha tunazipeleka hoja za wananchi kwenye halmashauri na kwa wabunge. Ufadhili wa mradi wetu mkubwa unakwisha, na mkurugenzi amependekeza tufanye kazi Jumatatu hadi Alhamisi, na mshahara upungue kwa asilimia 20. Wenzangu kadhaa wamelipokea jambo hili kwa furaha kwa sababu tumechoka kweli, na mimi mwenyewe ninauhitaji muda huo, kwani mama yangu anaumwa huko Mpwapwa na hana mwingine wa kumpeleka kliniki. Hofu yangu ni kwamba siku itaondoka na mshahara utaondoka, lakini kazi itabaki ileile. Aliyewahi kupitia hali hii anishauri.

Mshauri wa rasilimali watu

Dada, pole kwa kuuguza. Kwanza tutenganishe mambo mawili ambayo watu wengi huyachanganya. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka ukomo wa saa 45 kwa wiki, na inaruhusu, kwa makubaliano ya maandishi, mtu kufanya kazi hadi saa 12 kwa siku pamoja na muda wa chakula bila malipo ya ziada, ili mradi siku zisizidi tano na ukomo ule wa wiki usivukwe. Kwa hiyo saa 40 zinaweza kukusanywa katika siku nne za saa kumi kumi, na hapo hakuna sababu ya kugusa mshahara. Mnalopendekezewa ninyi ni jambo jingine, yaani saa 32 kwa malipo ya saa 32. Likikubaliwa, mkataba urekebishwe kwa maandishi baada ya kushauriana na kila mtumishi, na idadi ya saa itajwe humo, si siku peke yake.

Angalia pia NSSF, yaani mfuko wa hifadhi ya jamii. Tuseme mshahara wako ni shilingi 1,200,000: ukishuka hadi 960,000, mchango wa asilimia 20, wako na wa mwajiri kwa pamoja, unashuka kutoka 240,000 hadi 192,000 kwa mwezi. Kwa mwaka ni shilingi 576,000 ambazo hazitaingia kwenye akiba yako ya uzeeni, na katika vikao vya namna hii sijawahi kusikia mtu akilitaja hilo.

Mratibu mstaafu wa miradi, Kondoa

Nilisimamia mpango kama huu kwa mwaka mmoja na nusu, nao ulitushinda katika miezi mitatu ya mwanzo kwa sababu tulichagua Ijumaa bila kutazama kalenda ya watu tunaowatumikia. Bunge la bajeti huanza Aprili na kumalizika mwishoni mwa Juni, na mbunge akikupigia Alhamisi jioni akitaka takwimu za zahanati za jimbo lake, huwezi kumwambia asubiri Jumatatu, maana huenda wizara inayohusika itakuwa imeshapitishiwa fedha zake. Vijijini nako, mvua zikianza Desemba watu wako shambani, na siku ya mnada hata mtendaji wa kijiji humpati ofisini. Ukifika siku hiyo umepoteza mafuta ya gari bure.

Tulilolifanya baadaye ni kuacha siku moja kwa wote. Tuligawana mapumziko ili ofisi isifungwe, tukafanya wiki kamili katika miezi ya Bunge, na siku zile za ziada zikarudishwa Julai na Agosti. Lakini kilichotuokoa hasa ni kuziacha baadhi ya kazi. Tulifuta taarifa mbili za kila mwezi zilizokuwa zikisomwa na sisi wenyewe, na tukamwandikia mfadhili kwamba tutafika kata sita badala ya kumi. Ilituuma, kwa sababu kila kata iliyoachwa ilikuwa na akina mama tuliowafahamu kwa sura. Hata hivyo, zile kata sita tulizifikia ipasavyo.

Mhasibu wa shirika

Nyongeza fupi: katika majaribio ya wiki ya siku nne ya Uingereza ya mwaka 2022, yaliyohusisha taasisi 61 na wafanyakazi wapatao 2,900, mshahara haukupunguzwa. Mkurugenzi asiutumie mfano ule kuhalalisha makato. Pia someni mkataba wa ufadhili, kwa kuwa mishahara iliyoidhinishwa kwa asilimia fulani ya muda wa mtumishi haibadilishwi bila mfadhili kuarifiwa.

Afisa utetezi, Dodoma mjini

Nawashukuru sana, na kwa mzee wa Kondoa, shikamoo. Jumatatu nitaomba tuanze na orodha ya kazi zitakazoachwa, kila moja na jina la kata au taarifa inayohusika, kabla hatujazungumzia siku wala mshahara. Nitaomba pia kipindi cha Aprili hadi Juni kitajwe ndani ya mkataba. Kuhusu mama, nimeuliza kliniki yake na wamekubali kumhamishia Jumatano, hivyo Ijumaa si ya lazima kwangu.