Wanajuaje ulimwengu ulianza? Na mwisho wake ni upi?

Kijana_wa_Mbagala

Wakuu habari za jioni. Naomba kueleweshwa, hili jambo linanisumbua muda mrefu. Shuleni tulifundishwa ulimwengu ulianza na Mlipuko Mkuu miaka bilioni 13.8 iliyopita, tukakariri, tukajibia mtihani, yakaisha. Sasa hiyo 13.8 wameitoa wapi? Nani alikuwepo? Mtu akiniambia mfupa huu una miaka elfu kumi namuelewa, ameuchukua kaupima, lakini ulimwengu mzima unaupimaje na wewe mwenyewe uko ndani yake? La pili ni kuhusu mwisho. Video moja inasema kila kitu kitaganda, nyingine inasema ulimwengu utajikunja urudi ulikotoka, nyingine inasema utachanika vipande vipande. Ipi ni ipi? Mwenye elimu ya haya mambo anisaidie, sihitaji ubishi nataka kuelewa.

Mwl_Fizikia

Mkuu umeuliza swali la msingi na ndo swali ambalo sisi walimu huwa tunaliruka. Nianze na hilo la nani alikuwepo. Mwanga unasafiri kilomita laki tatu kwa sekunde, ni kasi kubwa sana lakini anga ni pana kuliko hiyo kasi, kwa hiyo ukitazama mbali unatazama zamani. Hatuhitaji mtu aliyekuwepo maana mwanga wa wakati ule bado unatufikia leo, tunaupokea tunaupima.

Sasa twende taratibu. Mwaka 1927 kuna padri wa Kibelgiji anaitwa Georges Lemaître alipiga hesabu kutoka kwenye nadharia ya Einstein akaona ulimwengu hauwezi kuwa umetulia tu, lazima unatanuka. Mrusi Alexander Friedmann alishaonyesha hesabu za namna hiyo mwaka 1922 ila hawakusikilizwa sana wote wawili. Mwaka 1929 Edwin Hubble akiwa kwenye darubini ya Mount Wilson kule California akatoa vipimo, kwamba galaksi, yaani kundi kubwa la mabilioni ya nyota kama hili letu, kadiri ilivyo mbali ndivyo inavyotukimbia kwa kasi zaidi. Chukua mpira wa manati, utie alama za peni kila baada ya inchi moja, halafu uvute. Kila alama inaikimbia mwenzake, na iliyo mbali mara mbili inakimbia mara mbili, na hakuna alama hata moja inayoweza kusema mimi ndo katikati. Ndivyo anga lilivyo, lenyewe ndo linavutika, na mawimbi ya mwanga yanavutika humohumo yanakuwa marefu, yanaelekea kwenye wekundu, na huo wekundu ndo wanaoupima.

Galaksi iliyo umbali wa miaka ya mwanga milioni 3.26 (mwaka wa mwanga ni umbali ambao mwanga unasafiri kwa mwaka mzima) inaenda karibu kilomita 70 kwa sekunde, ya mara mbili ya hapo karibu 140, endelea hivyo. Ukirudisha hesabu nyuma unafika wakati kila kitu kilikuwa kimebanana pamoja, na unaangukia kwenye hiyo bilioni kumi na tatu na ushee.

Ila hiyo peke yake haikutosha na wapo waliokataa, tena wanasayansi wakubwa. Fred Hoyle na wenzake wawili mwaka 1948 walisema ulimwengu hauna mwanzo, unatanuka lakini maada mpya inazaliwa polepole kujaza nafasi. Ilikuwa nadharia ya heshima kabisa. Kilichoiangusha ni antena. Mwaka 1964 Arno Penzias na Robert Wilson, New Jersey, walikuwa na antena kubwa ya redio na kila walikoielekeza wanasikia mvumo uleule, usiku mchana, kiangazi na baridi. Wakakagua vifaa, wakawaondoa hadi njiwa waliojenga kiota ndani na kusafisha kinyesi chao, mvumo uko palepale. Kumbe ni joto lililobaki tangu ulimwengu ukiwa mchanga, sasa limepoa hadi nyuzi kama 270 chini ya sifuri. Huo mwanga ulianza safari ulimwengu ukiwa na miaka kama 380,000. Wakapata Nobel mwaka 1978. Baadaye satelaiti ya Planck, iliyorushwa 2009, ikauchora huo mwanga anga zima kwa umakini mkubwa, na humo ndo imetoka 13.8 yenyewe.

Abu_Salha

Mwalimu umeeleza vizuri Mungu akubariki, lakini mimi nina angalizo. Leo wanasema hivi kesho wanabadilisha, sisi wenye imani tunajua aliyeumba yupo. Naona kama hizi nadharia zinatafuta kumtoa Muumba kwenye picha.

Bint_Pangani

Kaka Abu Salha nakuheshimu, ila hapo naomba tuelewane. Huyo Lemaître aliyeleta wazo la mwanzo alikuwa padri, anasomesha misa na anapiga hesabu za ulimwengu. Tena mwaka 1951 Papa Pius wa 12 alipozungumza kana kwamba sayansi sasa imethibitisha uumbaji, Lemaître mwenyewe hakufurahi. Msimamo wake ulikuwa kwamba nadharia ya fizikia ibaki fizikia, anayeamini aamini na asiyeamini asiamini, vipimo ni vilevile. Mimi naswali swala zangu tano na sijawahi kuona mvumo wa ile antena unanigusa imani yangu. Na kuhusu kubadilisha, wamebadilisha kwa sababu ushahidi uliwalazimisha, Hoyle alikuwa na jina kubwa na bado nadharia yake ikashindwa.

Mhesabu_Songea

Nijibu la mwisho wa ulimwengu maana huko ndo kugumu. Mkuu hizo video tatu zote zinaweza kuwa na mantiki, inategemea kitu kimoja.

Zamani watu walijua uvutano wa maada yote lazima unapunguza kasi ya kutanuka, swali likawa unapunguza kiasi gani. Mwaka 1998 timu mbili zikapima supanova za mbali, yaani nyota zinazolipuka, zile za aina ambayo mwangaza wake unajulikana, zikakuta zimefifia kuliko ilivyotegemewa, maana yake ziko mbali zaidi, yaani kutanuka kunaongezeka kasi! Perlmutter, Schmidt na Riess wa timu hizo wakapata Nobel 2011. Kinachosukuma wamekipa jina nishati ya giza, ni kama asilimia 68 ya kila kilichomo, maada ya giza, yaani maada isiyoonekana ila uvutano wake upo, kama 27, na sisi na nyota na bahari na kila unachokijua ni asilimia 5 tu.

Sasa hiyo nishati ikibaki vilevile milele, galaksi zinatokomea, nyota zinazimika moja moja, zile ndogo nyekundu zitadumu matrilioni ya miaka lakini nazo zitaisha, ndo hiyo ya kuganda. Ikizidi nguvu, itafika kuchana galaksi, sayari, hadi atomu. Ikidhoofika na kugeuka, uvutano unashinda na kila kitu kinarudi kubanana. Mimi binafsi nilikuwa naamini ya kuganda bila wasiwasi, lakini mradi wa DESI, wa kuchora ramani ya galaksi kwa darubini kule Arizona, Marekani, umepima karibu galaksi milioni 15 na matokeo yao ya 2024 na 2025 yanadokeza nishati ya giza inapungua kadiri muda unavyokwenda. Bado haijafikia kiwango cha kuitwa ugunduzi. Ila likithibitika hili ni jambo kubwa mno, kwa hiyo anayekuambia mwisho unajulikana anakudanganya.

Mgiriama_Ngomeni

Nawaongezea kidogo kutoka huku Malindi. Tarehe 12 Desemba 1970 jukwaa la San Marco hapa baharini lilirusha satelaiti ya kwanza kabisa ya kuchunguza eksirei za angani, ikapewa jina Uhuru maana ilikuwa sikukuu ya uhuru wa Kenya. Hiyo ndo ilionyesha makundi ya galaksi yamejaa gesi ya moto sana, na gesi ya moto hivyo haikai pale bila uvutano mkubwa kuliko wa nyota zinazoonekana, mojawapo ya sababu za kuamini maada ya giza ipo. Ilianzia kwetu pwani na watoto wetu wengi hawajui, inaniuma.

Kijana_wa_Mbagala

Asanteni sana aisee nimeelewa zaidi ya nilivyotegemea. Mawili tu: kabla ya huo mwanzo kulikuwa na nini? Na kama kila kitu kinakimbiana, mbona nimesoma galaksi ya Andromeda inakuja kwetu?

Mwl_Fizikia

La kabla, hesabu za Einstein zikirudishwa hadi mwanzo kabisa zinavunjika, zinatoa majibu yasiyo na maana, na nadharia ya kuunganisha uvutano na fizikia ya vitu vidogo kabisa haijapatikana. Wapo wanaosema muda wenyewe ulianzia hapo, wapo wanaosema kulikuwa na ulimwengu mwingine uliojikunja ukafunguka huu. Yote ni mapendekezo, hakuna yenye ushahidi kama ule mvumo.

La Andromeda, kutanuka kunashinda kwenye umbali mkubwa, kwa majirani uvutano ndo unatawala. Iko miaka ya mwanga milioni 2.5 tu kutoka kwetu na inasogea karibu kilomita 110 kwa sekunde. Kwa muda mrefu ilisemwa kugongana ni lazima, lakini hesabu mpya za 2025 zinasema ndani ya miaka bilioni 10 ijayo uwezekano ni kama nusu kwa nusu. Mwezi wa 11, siku isiyo na mbalamwezi na mbali na taa za mji, tazama kaskazini saa tatu usiku, utaiona kama kiwingu kidogo, macho matupu yanatosha.