Diazepamu 10 mg kila usiku, miezi 8 sasa: anaachaje bila kuumia?

Binti_Gungu:
Wakubwa shikamooni, wengine habari za jioni. Tupo Kigoma mjini. Mama mdogo, miaka 52, anameza diazepamu (dawa ya kutuliza na kuleta usingizi) vidonge 2 vya 5 mg kila usiku. Alipewa za siku 7 baada ya msiba, akaendelea kununua mwenyewe. Juzi kati aliacha ghafla. Siku 3 za kwanza mzima kabisa, siku ya 5 mikono ikatetemeka, jasho, usingizi hakuna. Karudia dozi. Je, anapunguzaje kwa hesabu? Na je, inafaa abadilishe atumie amitriptilini, dawa ya sonona? Jirani anazo.

Mfamasia_Ujiji:
Dada, kwanza asilaumiwe kwa kurudia. Kuacha ghafla baada ya miezi 8 kunaweza kuleta degedege.

Siku 3 za uzima zinadanganya wengi. Diazepamu hutoka mwilini taratibu sana, hivyo ukiacha leo unabaki na akiba kwenye damu. Akiba ikipungua ndipo mwili unadai, na dalili zinaweza kuchelewa hata hadi wiki ya 3. Mtu anadhani ugonjwa wake umerudi, kumbe mara nyingi ni mwili kukosa kitu ulichokizoea.

Daktari akikubali, apunguze 1 mg kila baada ya wiki 2. Shida ya vidonge vya 5 mg ni kwamba ukikata nusu unaruka 2.5 mg. Kutoka 10 kwenda 7.5 umetoa robo ya dozi, lakini kutoka 5 kwenda 2.5 umetoa nusu nzima, na hapo ndipo watu wanakwama. Mwombeni daktari aandike vya 2 mg pamoja na vya 5 mg. 9 ni kimoja cha 5 na viwili vya 2. 8 ni vinne vya 2. 7 ni cha 5 na cha 2. 6 ni vitatu vya 2, 5 ni kimoja cha 5, 4 ni viwili vya 2, 3 ni cha 2 na nusu yake, 2 ni kimoja, 1 ni nusu. Hizo ni wiki 18 kama hakuna kukwama. Dalili zikizidi, abaki kwenye dozi hiyo wiki 2 nyingine kabla ya kushuka tena.

Kukata: kidonge kikae kwenye sahani kavu, mstari ukitazama juu, wembe mpya, bonyeza mara moja. Ukikikereza kama msumeno utapata unga. Kata cha siku hiyo tu, nusu ya pili irudi kwenye bahasha yake ingoje kesho. Tarehe na dozi viandikwe kwenye kalenda ya ukutani, maana usiku mtu husahau kama ameshameza akarudia.

Nesi_AfyaAkili:
Hesabu ni sahihi. Ninachoongeza ni kwamba hesabu peke yake haitamtosha. Diazepamu hutuliza usiku mmoja, haitibu huzuni wala hofu, na kwa kawaida haipaswi kuzidi wiki 2 hadi 4. Aende hospitali ya Maweni aonwe na watu wa afya ya akili, abebe makasha ya dawa zote anazotumia, na aseme ukweli wa kiasi. Wakiona ni sonona wanaweza kumwanzishia fluoksetini 20 mg asubuhi. Hiyo huchukua wiki 2 hadi 4 kuonyesha nafuu, na siku za mwanzo huweza kuleta kichefuchefu na wasiwasi zaidi. Wengi huitupa wiki ya kwanza wakisema haifanyi kazi, wanarudi kwenye diazepamu kwa sababu yenyewe inafanya kazi ndani ya saa moja. Pia fluoksetini hupandisha kiwango cha diazepamu kwenye damu, kwa hiyo daktari lazima ajue zote mbili.

Amitriptilini ya jirani, hapana, tafadhali. Inaweza kuvuruga mapigo ya moyo, ni mbaya kwa mwenye presha ya macho, na vidonge vingi kwa mkupuo vinaua. Mtu mwenye msiba mzito asiachiwe kasha zima ndani. Na wakati wote huu pasiwe na gongo wala tramadoli ya maumivu: pamoja na diazepamu hupunguza pumzi usingizini hadi ikakata.

Degedege, kuona vitu visivyokuwepo, au kusema anataka kufa: hospitali saa hiyo hiyo, usiku au mchana.

Mzee_wa_Kibirizi:
Kwenye usingizi wenyewe: aamke saa ile ile kila siku hata kama hakulala, na chai ya rangi mwisho saa nane mchana. Kulala mchana kunakula usingizi wa usiku.

Binti_Gungu:
Nawashukuru sana. Mwezi ujao anakwenda Kasulu kwenye maharage, wiki 3. Akisahau dozi ya usiku mmoja?

Mfamasia_Ujiji:
Asimeze mbili kufidia. Aendelee na ya usiku unaofuata kama kawaida. Wiki hizo za safari asishuke, abaki kwenye dozi aliyonayo, na abebe za siku 25 pamoja na cheti chake, zisije zikamwishia shambani.