Naomba ushauri: kumchongea mpwa wangu wa miaka miwili treni ya mchongoko kwa mbao

Mjomba wa Dodoma
Habari za wakati huu, ndugu zangu. Dada yangu ana binti wa miaka miwili na miezi minne ambaye, tangu alipopanda mchongoko, ile treni ya umeme yenye pua iliyochongoka, kutoka Dar es Salaam kuja kwetu Dodoma, hataki tena mwanasesere wala mpira. Kila kitu chenye urefu, hata mwiko wa ugali, hukisukuma sakafuni na kukiita mchongoko. Nimeazimia kumchongea wa kwake. Mimi si seremala kwa kazi, lakini ninayo misumeno miwili, randa, keekee ya umeme na subira ya kutosha. Nimekusudia mabehewa manane, kama ilivyo seti moja ya treni ile, yenye pua iliyochongoka sawasawa na ya kweli, yaunganishwe kwa sumaku ndogo, na jina lake la herufi tano libandikwe ubavuni. Naomba kujua nitumie mbao gani, nitapataje magurudumu ya mviringo bila mashine ya kukereza, na nipake nini, kwa maana bado anatia kila kitu mdomoni.

Seremala wa Keko
Hongera kwa nia hiyo, ndugu. Nianze na magurudumu, kwa kuwa ndiyo yanayowashinda wengi. Chukua ule msumeno wa mviringo unaofungwa kwenye keekee, ambao sisi huutumia kutobolea milango matundu ya vitasa. Wa milimita 54 utakuachia kipande cha duara chenye upana wa milimita 48 hivi, kile ambacho kwa kawaida tunakitupa. Hicho ndicho gurudumu lako, na tundu la katikati lililotobolewa na ncha ya keekee ndilo la ekseli. Tafuta kijiti cha mviringo kinachoingia humo kwa kubana, ukigundishe kwa magurudumu yote mawili, kisha toboa kwenye behewa tundu lililo pana kuliko kijiti kwa milimita 1 au 2, ili ekseli izunguke pamoja na magurudumu yake. Wapo wanaopigilia gurudumu kwa msumari na kuliacha lizunguke lenyewe. Baada ya muda tundu hupanuka, na msumari hung'oka ukabaki mkononi mwa mtoto.

Kwa mabehewa, msonobari unatosha, maana ni mwepesi na unarandika vizuri. Magurudumu ningeyatoa kwenye msaji, ila ufute kwa spiriti sehemu za kugundisha, kwa sababu msaji una mafuta yake na gundi huukataa. Mninga ni mzuri wa sura, lakini treni nzima ya mninga itamlemea mtoto wa umri huo, na vumbi lake huwasha pua. Ukiamua kutumia mbao za paleti, tafuta mhuri: zilizoandikwa HT zimetibiwa kwa joto, na zilizoandikwa MB zimefukizwa dawa, hizo ziache. Vilevile usiguse masalia ya nguzo zenye rangi ya kijani, hata ukipewa bure. Nyingi hutiwa dawa yenye aseniki.

Muuguzi wa Watoto
Ndugu mjomba, nakuomba uachane na sumaku kabisa. Mtoto akimeza moja huenda ikapita, lakini akimeza mbili kwa nyakati tofauti, huvutana kupitia kuta za utumbo, zikaubana mpaka ukatoboka, na dalili za mwanzo hufanana na maumivu ya kawaida ya tumbo. Tumia kigingi cha mbao na kitanzi cha ngozi, na kamba ya kuvutia isizidi sentimita 20.

Jambo la pili ni ukubwa wa vipande. Kopo la kupimia vitu vya kuchezea vya watoto wasiotimiza miaka mitatu lina kipenyo cha milimita 31.7, na chochote kinachozama chote ndani yake huhesabiwa kuwa kinaweza kumpalia mtoto. Gurudumu la fundi wa Keko halizami. Herufi zako za kubandika, naogopa, zitazama zote. Na hiyo pua, tafadhali iviringishe. Mtoto wa miaka miwili huanguka juu ya kitu anachokisukuma, na uso ndio hutangulia.

Mama wa Singida
Kuhusu kupaka, mimi kijiko cha mbao hukipaka mafuta ya alizeti na hakijawahi kumdhuru mtu. Kwa nini asitumie hayo tu?

Seremala wa Keko
Dada, kijiko unakiosha kila siku na kukipaka upya, ndiyo maana huoni tatizo. Treni haioshwi, alizeti itakaa juu ya mbao ikinata, iokote vumbi na kuchacha. Ningeyeyusha nta ya nyuki sehemu moja kwa sehemu tatu za mafuta mabichi ya kitani, sufuria ikiwa ndani ya maji ya moto wala si juu ya moto wenyewe, nikapaka kwa tambara na kuacha ikauke kwa wiki kadhaa. Mafuta ya kitani yanayoitwa ya kuchemshwa huongezwa viambato vyenye metali ili yakauke upesi, kwa hiyo hayo si ya kitu cha kutiwa mdomoni. Tambara ukimaliza litandaze nje likauke, usilikunje, kwa sababu linaweza kushika moto lenyewe.

Mjomba wa Dodoma
Nawashukuru nyote. Sumaku nimezirudisha dukani jioni hii, na jina nitalichoma kwenye mbao kwa waya wa moto. Mabehewa nimeyapunguza kuwa matatu kwa sasa, kwa kuwa nilipofunga vipande vinane kwa uzi na kuvivuta sebuleni, vya nyuma vilipinduka kwenye kona ya kwanza. Mengine nitamwongezea kila mwaka. Limebaki moja ambalo sikulitarajia: ameniuliza dereva atakaa wapi. Je, inawezekana kuchonga mtu asiyezama katika kopo hilo na bado aenee kwenye kichwa cha treni?

Muuguzi wa Watoto
Usimtenge. Mchonge humo humo kwenye ubao wa kichwa, aonekane dirishani kuanzia mabega, na asiweze kushuka.