Dakika 17 za Bob Dylan: huu ni wimbo kweli au mzee ameishiwa?

Mleta mada, Mombasa

Salaam wadau. Hii hoja naiona inazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp tangu mwisho wa Machi 2020, kila mtu anarusha lake kisha anapotea, basi nimeona tuikalishe hapa tuiongee mpaka iishe. Bob Dylan, yule mzee wa Marekani aliyepewa Nobel ya fasihi 2016, tarehe 27 Machi usiku katoa wimbo mpya bila tangazo bila chochote. Unaitwa "Murder Most Foul", una dakika 16 na sekunde 56, ndio mrefu kuliko zote alizowahi kutoa, na ni wa kwanza wa utunzi wake mwenyewe tangu albamu ya Tempest ya 2012, maana miaka yote hapo katikati alikuwa anatoa albamu za nyimbo za zamani za watu wengine. Habari yake ni kuuawa kwa Rais Kennedy pale Dallas tarehe 22 Novemba 1963. Aprili hiyo ya 2020 ukashika namba moja kwenye chati ya Billboard ya nyimbo za rock zinazonunuliwa mtandaoni, na kabla ya huo mzee huyu, wakati ule na umri wa miaka 78, alikuwa hajawahi kushika namba moja ya wimbo kwenye chati yoyote ya Billboard akiimba mwenyewe. Hapo ndipo kelele zilipoanza.

Wanaoukataa wanasema hauna melodi, hauna kiitikio, hauna biti, jamaa anasoma tu kama anasoma gazeti halafu nusu ya mwisho ni majina ya wanamuziki mwanzo mwisho. Mimi nasema hivi, yote hayo ni kweli na wimbo bado ni mkubwa, tena ni katika kazi nzito kabisa alizofanya, na wengi wanaoukataa wameusikiliza dakika tatu wakiwa wanafanya mambo mengine.

Sikilizeni kwanza ulivyotengenezwa. Kuna piano, kuna fidla na besi inayovutwa kwa upinde huko chini, na ngoma zinaguswa guswa tu. Hakuna anayemuongoza mzee, ni vyombo ndivyo vinavyomfuata yeye, akivuta neno piano inamsubiri, akikimbia nayo inakimbia. Sisi watu wa mwambao jambo hili tusiulize ni nini. Utenzi haukai kwenye biti, unakaa kwenye mizani na vina na pumzi ya msomaji, na hakuna mtu aliyewahi kukaa kusikiliza utenzi halafu akauliza korasi iko wapi. Huyu naye vina vyake vinakwenda mistari miwili miwili toka mwanzo mpaka mwisho, robo saa na zaidi, haviachi.

Halafu yale majina. Mtunzi wa ule utenzi wa zamani wa Al-Inkishafi anapoililia Pate anafanya nini? Anawataja wakubwa waliokuwa wakikaa kwenye majumba yale, anauliza wako wapi, anakuonyesha popo wamejaza vyumba. Maombolezo bila kutaja majina yatakuwa maombolezo ya nani? Dylan kwenye sehemu ya mwisho anamgeukia Wolfman Jack, mtangazaji aliyekuwa maarufu miaka ya 60 kwa kupiga muziki usiku kutoka stesheni za mpakani Mexico, anamwambia nipigie hii, nipigie ile, nipigie John Lee Hooker, nipigie Nat King Cole, nipigie Thelonious Monk, nipigie Charlie Parker, anakwenda hivyo hivyo kama mtu anayejaza kadi za salamu redioni, na Wolfman Jack mwenyewe alikufa 1995. Yaani anamuomba maiti awapigie maiti wenzake muziki. Na ombi la mwisho kabisa ni wimbo huu huu apigiwe, anautia mwenyewe kwenye orodha. Mimi hapo nywele zilisimama, wallahi, nikarudia mara nyingine na bando lenyewe lilikuwa linakwisha.

Karibuni, pingeni, lakini semeni mmesikia nini ndani yake, msiseme tu ni mrefu.

Mchangiaji, Nairobi

Bro nimesikiliza wote, sio dakika tatu, wote, na usiku ule wa kafyu ya kwanza ya korona ndio nilikuwa nao kwa sababu ulitoka siku ile ile tulianza kufungiwa saa moja jioni, so muda nilikuwa nao. Mimi ni fan wa huyu mzee toka nikiwa shule, usinieke kwa list ya wasiojua.

Shida yangu ni hii, huu wimbo unakudai homework. Kama hujui Wolfman Jack ni nani, hujui Dealey Plaza ni wapi, hujui ile filamu ya Zapruder ni kitu gani, nusu ya mistari inakupita tu. Nyimbo zake za zamani hazikuwa hivo, ulikuwa unaingia tu unakaa, hata kama hujui kitu kuhusu Marekani unashika hasira yenyewe. Hii ni mzee anaongea na wazee wenzake juu ya redio zao. Sawa, ni haki yake, lakini tusiseme ni kazi kubwa ya dunia nzima.

Na vina unavyosifu vingine vimelazimishwa manze. Kuna mahali unaskia kabisa jina limechaguliwa juu linafanana sauti na la mstari wa juu, si kwa sababu huyo mtu alikuwa na kazi pale. Hebu toa jina la Nobel, toa jina la Dylan, weka hiyo rekodi mikononi mwa kijana hajulikani wa hapa River Road, nani angeiskiza mpaka dakika ya kumi? Hata lile gari, anaimba ni limo nyeusi, gari la Kennedy siku ile lilikuwa bluu iliyokoza, weusi walilipaka baadaye. Kitu ndogo, lakini mtu anayeorodhesha kila kitu mpaka saa aliyoapishwa Johnson, saa nane na dakika 38, aangalie na rangi ya gari.

Tarehe 17 Aprili ametoa ingine, "I Contain Multitudes", dakika nne na nusu hivi, na hiyo ndio Dylan. Hapo anacheka, anajisifu, anatisha, na anamaliza. Hiyo nitakubishania siku yoyote kwamba ni bora.

Mchangiaji, Dar es Salaam

Kaka mleta mada, muziki sina ugomvi nao, ni mzuri, ile piano ni nzuri sana. Ugomvi wangu ni kinachoombolezwa. Wimbo unataka niamini kwamba siku ile Dallas ndiyo dunia iliharibika, kwamba kabla ya hapo kulikuwa na usafi fulani halafu mfalme akauawa na giza likaingia. Sasa mimi na akili zangu nitaanzaje? Lumumba aliuawa tarehe 17 Januari 1961, siku tatu kabla Kennedy hajaapishwa, na kamati ya seneti yao wenyewe mwaka 1975 ilieleza jinsi CIA, majasusi wao, walivyokuwa wameandaa sumu ya kumuua. Miezi mitatu baadaye huyo huyo Kennedy karuhusu uvamizi wa Cuba pale Bay of Pigs. Giza lilikuwepo, ila lilikuwa kwetu.

Na hata kwao. Mwaka ule ule 1963, mwezi wa sita, Medgar Evers, mpigania haki za watu weusi, alipigwa risasi nje ya nyumba yake Mississippi. Mwezi wa tisa mabinti wanne waliuawa kwa bomu kanisani Birmingham. Na uchungu zaidi ni kwamba Dylan aliyajua haya vizuri kuliko mimi, kijana wa miaka 22, alitunga wimbo juu ya Evers na akauimba Washington tarehe 28 Agosti siku ile ya hotuba ya Martin Luther King, na mule hakumlaumu aliyefyatua risasi, aliulaumu mfumo mzima unaomtumia maskini mzungu. Ule ulikuwa wimbo wa dakika chache na ulikuwa na akili kuliko hizi dakika 17. Mtu aliyeanza kwa kumuombolezea Evers anamalizia kwa kumuombolezea rais kama mfalme? Mimi naona amerudi nyuma. Nisaidieni kama naona vibaya.

Mleta mada, Mombasa

Dadangu wa Dar nakuanza wewe kwa sababu umegusa pazito. Kuhusu Lumumba sina neno la kukupinga, tarehe ziko hivyo na uchungu ni huo huo. Ninachobisha ni kwamba Dylan anamwabudu Kennedy. Rudi usikilize ile nusu ya kwanza. Hakuna sifa hata moja ya kazi za Kennedy mule, hakuna sera, hakuna alijenga nini. Kuna mwili. Kuna mtu kauawa mchana kweupe kama mbwa, kuna Parkland hospitali, kuna kuchanwa maiti na kutolewa ubongo, na kuna mahali sauti inabadilika, anayesema anakuwa mwenyewe Kennedy, yuko kiti cha nyuma kando ya mkewe anakwenda kufa. Huko si kusujudia mfalme. Kichwa chenyewe cha wimbo kimetoka kwenye Hamlet, tamthilia ya Shakespeare, ni maneno ya mzimu wa mfalme aliyeuawa na nduguye wa nyumba moja, na muuaji anabaki akitawala. Ukiliweka hivyo wimbo unauliza nani alibaki na nyumba.

Na watu weusi uliosema wamesahaulika, wamo. Kuna mstari wa waimbaji waliojipaka masizi usoni wanaonywa wasionekane jua likizama, na anayejua historia ya Marekani anajua ile miji ambayo mtu mweusi akikutwa usiku ameisha. Kuna Deep Ellum, mtaa wa watu weusi pale Dallas penye bluzi. Kuna Tulsa inatajwa kama mahali pa uhalifu, na Tulsa mwaka 1921 mtaa mzima wa weusi ulichomwa moto watu wakauawa. Halafu itazame ile orodha ya nyimbo anazoomba, weusi wamejaa mule kuanzia Hooker mpaka Etta James. Mtu anayeombolezea Marekani ya Kennedy iliyokuwa safi angeomba nyimbo za ikulu. Huyu anaomba muziki wa watu ambao nchi hiyo haikuwa safi kwao hata siku moja.

Tena jambo moja la kumjua yeye mwenyewe. Desemba 1963, wiki tatu baada ya Dallas, alipewa tuzo ya Tom Paine New York kwa ajili ya harakati zake, akasimama mbele ya watu na majeraha bado mabichi akasema anaona kitu cha Oswald, yule aliyeshtakiwa kumuua Kennedy, ndani yake mwenyewe. Walimzomea. Kakaa miaka 56 ndio anarudi kwenye mauaji yale kwa wimbo mzima. Sasa mimi nikisikia kwenye wimbo huu anakataa kumbebesha mtu mmoja mauaji yale, anasema "wao", "wao", nasikia mtu ambaye hili halijamtoka.

Ndugu yangu wa Nairobi, gari nakupa, ni la bluu. Lakini hili la kwamba ni redio za wazee wa Marekani tu, wewe mtu wa Nairobi ndiye wa kulisema? Tom Mboya alikwenda kumuona Kennedy Hyannis Port Julai 1960, Kennedy akiwa seneta bado, na taasisi ya familia yake ikatoa dola 100,000 za ndege kuwapeleka wanafunzi wa huku kusoma Marekani. Kennedy anakufa Kenya imebakisha siku 20 ipate uhuru. Na Mboya mwenyewe tarehe 5 Julai 1969 kapigwa risasi nje ya duka la dawa Government Road, hiyo hiyo Moi Avenue unayopita kwenda kazini, akahukumiwa mtu mmoja kunyongwa, na mpaka leo wazee wakikaa barazani wanauliza nani alimtuma. Kwa hivyo ule wimbo ukifika pale pa kuuliza ukweli ni upi na ulikwenda wapi, mimi sihitaji kumjua Zapruder. Nimekulia ndani ya swali hilo.

Na kijana wa River Road asiyejulikana, hili nakujibu wazi, ndiyo, asingesikilizwa. Lakini huo ni ubaya wetu wasikilizaji, si ubaya wa wimbo. Kuna malenga hapa Pwani wana kazi ndefu za kutoa machozi na hakuna stesheni inayowapa dakika nane, achilia 17. Mimi ningependa mafanikio ya huyu mzee yawe hoja ya kuwadai maprodyusa wa redio nafasi hiyo, kwa sababu sasa hawana tena kisingizio cha kwamba wimbo mrefu hausikilizwi.

"I Contain Multitudes" ni nzuri, hatugombani. Ila ile anajizungumza mwenyewe. Kwenye hii hayumo kabisa mpaka anapoomba apigiwe wimbo wake mwishoni.

Vina ulivyosema vimelazimishwa, lete mistari. Weka miwili au mitatu hapa unayoona jina limetiwa kwa ajili ya sauti tu, tuichambue mmoja mmoja, na wengine waliokaa kimya wanaojua bluzi na jazi kuliko sisi waseme kama yale majina yana mpangilio au hayana.