Ghorofa ya tatu, hakuna lifti: nipokee kigari kikubwa cha mtoto au nitafute chepesi?

MamaKaka_Sinza:
Habari zenu wapendwa. Naombeni ushauri kwa mliopitia haya. Natarajia mtoto wa pili miezi miwili ijayo, Mungu akijalia. Wa kwanza ni wa kiume, ana miaka miwili na nusu na kilo 13.

Tunaishi Sinza, Dar es Salaam, ghorofa ya tatu. Ngazi ni zile nyembamba za zege zenye kona katikati, watu wawili wakipishana mmoja lazima ajibanze ukutani. Gari hatuna. Kliniki nakwenda hospitali ya Palestina hapa Sinza kwa miguu, kanisani Mwenge kwa bajaji, na mara moja moja nafika Shekilango napanda basi la mwendokasi kwenda Kariakoo. Baba watoto anatoka alfajiri na kurudi usiku, kwa hiyo siku za kazi ni mimi na dada wa kazi.

Dada yangu yuko Leicester, Uingereza. Anataka kuninunulia kigari cha tatu kwa moja: kitanda cha kichanga, kiti cha kukaa na kiti cha gari, vyote vinapachikwa kwenye fremu moja. Kuna kontena linafungwa mwisho wa mwezi, anasubiri jibu langu. Picha nimeziona, kinapendeza kweli. Nimemuuliza uzito, anasema fremu na kitanda ni kilo 14. Mama mkwe anasema vigari ni vya wenye nyumba za bustani, mbeleko inatosha. Lakini mgongo ulinitesa sana baada ya uzazi wa kwanza, siwezi kubeba kutwa nzima. Nimjibu nini dada?

MamaNeema_Kimara:
Mdogo wangu, hongera sana. Nimelea watatu huku kwenye vilima vya Kimara, na jambo hili nalijali kwa sababu nimeona wengi wanaletewa vigari vya gharama vinaishia kuwekewa nguo za kupiga pasi.

Weka picha pembeni kwanza, tazama ngazi zako. Leo baba akirudi, mpe ndoo ya lita 10 iliyojaa maji ashike mkono mmoja, mkono wa pili amshike mtoto, wapande hadi mlangoni. Wewe na tumbo hilo usithubutu. Ndoo hiyo ni kilo kumi na kidogo tu, bado haijafika 14, na haina matairi ya kukwama kwenye kona. Akifika juu anahema, basi fikiria wewe na mshono, saa saba mchana, na kichanga analia. Watu watakwambia ukiache chini ya ngazi. Mjini hapa, kigari ukikiacha chini ujue umeshakiaga.

Jambo la pili ndilo kubwa zaidi kwangu. Nyumbani kwako anayehitaji kusukumwa si kichanga, ni kaka mtu. Kichanga ana kilo tatu au nne, unambeba kifuani, uso wake unauona, kidevu hakijalalia kifua ili apumue vizuri. Shingo ikikaza unamhamishia mgongoni, na hapo mama mkwe yuko sahihi kabisa. Sasa huyu wa kilo 13 akichoka katikati ya Shekilango, akakaa chini kwenye vumbi, utambeba na nini? Kwa hiyo tafuta kigari kitakachombeba yeye leo, na mdogo wake akirithi baadaye. Soma lebo ya uzito. Vingi mwisho wake ni kilo 15, na hizo mwanao atazifikia muda si mrefu. Vipya vingi siku hizi vinafika 22.

Ila kiwe na mgongo unaolala bapa kabisa, maana iko siku utataka kumlaza mdogo humo, na mtoto ambaye hajaweza kukaa mwenyewe, yaani kabla ya miezi sita hivi, hapaswi kukalishwa wima kwenye kigari.

Kiti cha gari ni kitu kizuri mno, kinaokoa maisha, lakini kinafungwa kwa mkanda wa gari. Bajaji haina mkanda. Na usikubali kile kishawishi cha kukipachika kwenye fremu ukamwacha kichanga alale humo kwa saa nyingi: kichwa kinaangukia mbele, njia ya hewa inabanwa. Kama dada ana fedha ya hiyo seti nzima, mwambie akununulie kimoja cha kilo sita au saba, kinachokunjwa kwa mkono mmoja, chenye mkanda wa pointi tano, ule unaopita mabegani, kiunoni na katikati ya miguu. Huyo kaka kwa umri wake mkanda wa kiuno peke yake atauvuka akiwa anacheka.

Mwendokasi usiuogope. Vituo vina njia za mteremko na sakafu ya basi iko sawa na jukwaa, unaingiza kigari bila kukinyanyua. Tatizo ni muda. Asubuhi ya watu kwenda kazini hata wewe mwenyewe hutoshi, sembuse kigari. Nenda saa nne. Ukiwa ndani, funga breki na ukae upande wa mkono wa kusukumia, usikiache hata kidogo.

Na jua la Dar: usifunike kigari chote kwa khanga. Najua tunafanya kwa upendo, lakini ndani hewa haipiti na joto linapanda haraka mno kuliko unavyodhani. Chagua chenye kivuli kirefu na dirisha la wavu nyuma.

Baba_wa_Bamburi:
Dadangu, mimi niko Mombasa na nitapingana kidogo na Mama Neema. Hivyo vyepesi vina magurudumu madogo ya plastiki, mawili mawili. Kwenye lami na paving viko sawa. Kwenye mchanga au kokoto vinazama, yale ya mbele yanageuka kando, mtoto anarushwa mbele. Sisi tulichukua cha magurudumu matatu makubwa ya upepo, inchi 12. Raha yake nikipata pancha naenda kwa fundi wa baiskeli mtaani, tyubu ni saizi ileile ya baiskeli ndogo za watoto. Lakini naishi nyumba ya chini na nina gari. Ghorofa ya tatu, la, singeweza. Ukichukua chepesi, angalau yawe magurudumu ya raba yenye sponji ndani, na ujaribu kukisukuma juu ya ukingo wa barabara kabla hujalipa.

Fundi_Manzese:
Mimi nauza na kutengeneza vigari vya mtumba. Wateja wengi wanaangalia kitambaa. Kitambaa kinafuliwa! Angalia fremu. Kikunjue, kisha bonyeza mpini chini kwa nguvu zako zote, kama loki inateleza achana nacho. Weka breki, kisukume kwenye mteremko, tairi zote mbili za nyuma zishike. Funga kile kifungo cha mkanda, kisifunguke kwa kuvuta tu.

Halafu bawaba, pale kinapokunjika. Mwaka 2009 kule Marekani vigari karibu milioni moja vya Maclaren viliingizwa kwenye tangazo la usalama kwa sababu bawaba zilikuwa zimekata ncha za vidole vya watoto, kampuni ikatoa vifuniko vya kuzifunika. Mtumba unaweza kukaa miaka mingi kabla ya kufika kwako, hivyo kila bawaba iliyo wazi, iwe ya kampuni yoyote, iulizie. Na mtoto asiwe karibu wakati unakunja au unakunjua.

Jambo jingine nalirudia kila siku hapa dukani: usitundike mizigo kwenye mpini. Ukimtoa mtoto tu, kigari kinapinduka nyuma. Ukisahau kumtoa, kinapinduka naye.

MamaKaka_Sinza:
Jamani asanteni, mmenifungua macho. Baba kapanda na ndoo jana. Kafika ghorofa ya pili kaitua chini, kaniangalia, hatukuongea sana baada ya hapo. Nimempigia dada, amekubali bila kinyongo. Anatafuta cha kilo saba, kinacholala bapa, mwisho kilo 22, na hela itakayobaki tumesema tutailipia bajaji za kwenda kliniki wiki za mwanzo. Swali la mwisho: kwenye bajaji nakiweka wapi? Nitakuwa na watoto wawili na mkoba.

MamaNeema_Kimara:
Kikunje kabla bajaji haijafika, usikunjie barabarani huku dereva anapiga honi. Kuna nafasi nyuma ya kiti cha abiria, mwombe dereva akiweke huko na akifunge kwa mpira. Kama pamejaa, kisimamishe miguuni mwako upande usio na mlango, matairi chini. Dada wa kazi aingie kwanza na kaka mtu, wewe na kichanga mfuate. Na mpime dada anayenunua: akikunje akiwa ameshika mfuko wa kilo tano mkono mmoja. Akishindwa yeye dukani, wewe Sinza utashindwa.