Shule ya mkataba inayofelisha watoto wa maskini ifungwe?

Mleta mada: Msimamo wangu nautoa mapema: isifungwe kwa matokeo ya mtihani peke yake.

Kwa asiyezijua, shule za mkataba za Marekani zilianzia Minnesota, kwa sheria ya mwaka 1991. Ada hakuna, fedha ni za umma, ila bodi ya shule hujiamulia mengi: walimu, saa za masomo, nidhamu. Uhuru huo wanaulipia kwa matokeo. Yasipopatikana, mkataba haurefushwi.

Sasa njoo sekondari. Kijana anaingia darasa la tisa, ndiyo mwanzo wa sekondari kwao, akisoma kama wa darasa la tano. Amehamahama kwa ajili ya kodi ya nyumba, na usiku analea wadogo zake maana mama yuko zamu. Shule inaye miaka minne tu. Hata akipiga hatua ya madarasa matatu, mtihani utamhesabu amefeli, na shule pamoja naye.

Halafu tazama zinazosifiwa. Success Academy, mtandao wa shule za mkataba wa New York, ulianza 2006 na watoto 73 wa darasa la kwanza. Waliohitimu sekondari 2018 walikuwa 16. Kati ya waliobaki nje ya hesabu hiyo, wengine walihama, wengine walirudishwa darasa, wengine wazazi waliwaondoa. Na kwa miaka mingi, baada ya darasa la nne shule hizo hazikuwa zikipokea wanafunzi wapya. Shule inayompokea aliyetoka kwingine katikati ya muhula ndiyo inayoitwa mbovu! Hilo linaniuma.

Mchangiaji: Kaka, mwanangu naye ana miaka minne hiyo hiyo ya sekondari. Shule ikimpotezea miwili nikingoja ijirekebishe, nani atamrudishia? Katika shule za mkataba za Boston watoto wa hali kama hiyo wanapanda vizuri tu.

Mleta mada: Dada, kuhusu Boston sikupingi. Nafasi zilipogawanywa kwa bahati nasibu, waliopata walifanya vizuri kuliko waliokosa. Lakini siku yao ya masomo ni ndefu, na baadhi ya shule zile zina wakufunzi wa kukaa na mwanafunzi mmoja au wawili kila siku. Shule dhaifu ipewe hayo kwanza, kisha iulizwe. Na ukisema ifungwe, useme pia hao watoto wanakwenda wapi mwaka mpya wa masomo ukianza Septemba.

Ninachodai ni kila shule itangaze walioingia darasa la tisa wangapi, waliofika la kumi na mbili wangapi, na waliotoka wako wapi. Uliwahi kuipata hesabu hiyo shuleni kwa mwanao?