Chokoleti nyeupe ya moto, nzito, isiyoachana mafuta: vipimo na hatua

Jikoni_Tanga

Habari za jioni, wapishi. Naomba maelekezo kamili ya chokoleti nyeupe ya moto, ile nzito na laini, ya kuanzia maziwa na chokoleti yenyewe, si unga wa pakiti wa kukoroga na maji. Kiasi cha vikombe viwili.

Kinachonisumbua ni hiki: vipande vikishayeyuka kwenye maziwa yanayochemka, juu kunatanda mafuta ya njano na chini ya sufuria kunabaki chenga. Kuongeza chokoleti kunazidisha utamu tu, uzito hauji. Tatizo ni chokoleti, maziwa au moto? Na pale ambapo chokoleti nyeupe ya kweli haipatikani, inawezekana kuiunda kwa siagi ya kakao na maziwa ya unga? Vifaa vilivyopo ni jiko la gesi, chujio, waya wa kupigia mayai na mizani ndogo.

FundiKeki

Ndugu yangu, kabla hujalaumu moto, geuza kifungashio usome viambato. Chokoleti nyeupe haina unga wa kakao ndani yake. Kakao yake yote ni yale mafuta, yaani siagi ya kakao. Kiwango cha kimataifa cha Codex kinataka iwe na angalau asilimia 20 ya siagi hiyo na asilimia 14 ya maziwa makavu. Siagi ya kakao huyeyuka kwenye nyuzi 34 hivi za Selsiasi, chini kidogo ya joto la mwili, na ndiyo sababu inapotea mdomoni bila kuacha kitu.

Ukikuta sukari, halafu mafuta ya mawese au ya kiini cha mchikichi, hiyo ni kompaundi ya kupambia keki. Imetengenezwa istahimili joto, na kwa keki ya sherehe ya mchana Dar es Salaam inafaa sana. Kwenye kikombe inakuangusha, kwa kuwa mafuta yake huganda mapema kinywaji kinapopoa na kaakaa linabaki na nta. Vitone vyeupe vya kuokea navyo viangalie kwa makini. Vingi vimetengenezwa visipoteze umbo kwenye oveni, kwa hiyo vinayeyuka kwa shida na kuacha chenga.

Vipimo kwa vikombe viwili:

Maziwa yenye mafuta kamili, ml 500
Chokoleti nyeupe ya kweli, g 100
Maziwa ya unga yenye mafuta, vijiko vikubwa 2 vilivyosawazishwa
Konflawa, kijiko 1 cha chai kilichosawazishwa
Arki ya vanila, nusu kijiko cha chai
Chumvi, kiasi cha kushika kwa ncha za vidole viwili

Sukari usitie. Karibu nusu ya uzito wa chokoleti nyeupe ni sukari, kwa hiyo g 100 zimeshakupa kama g 50, ukiacha utamu wa maziwa yenyewe. Chumvi ndiyo inayozuia utamu huo usikinaishe, usiiache.

Kata chokoleti vipande vidogo, visizidi punje ya mahindi, uviweke kwenye bakuli kubwa kavu kabisa. Kwenye kikombe changanya maziwa ya unga na konflawa vikiwa vikavu, mimina ml 100 za maziwa baridi kidogo kidogo huku ukikoroga mpaka madonge yaishe. Ml 400 zilizobaki ziweke jikoni kwa moto wa wastani. Zikianza kutoa mvuke na vipovu vidogo pembeni, mimina ule mchanganyiko kwa kuupitisha kwenye chujio, huku unakoroga. Acha uchemke taratibu dakika moja hadi mbili, waya ukigusa chini ya sufuria muda wote. Dakika hiyo ni ya lazima, la sivyo konflawa itabaki na ladha ya unga mbichi na haitashika uzito wake. Zima moto, subiri dakika mbili.

Sasa ndiyo hatua inayoamua kila kitu. Usitie chokoleti kwenye sufuria. Maziwa ndiyo yaifuate chokoleti kwenye bakuli. Mimina theluthi tu ya maziwa ya moto, acha sekunde 30 bila kugusa, kisha koroga kuanzia katikati kwa miduara midogo. Mwanzoni utaona mchanganyiko umeachana na unang'aa mafuta. Usiogope, endelea mpaka ushikane uwe mzito na laini. Ongeza theluthi ya pili, koroga, halafu ya mwisho. Tia vanila na chumvi, pigapiga kwa waya nusu dakika, chuja, mimina vikombeni.

Kwa nini mafuta yanaelea kwa njia ya kwanza? Maziwa mengi yanayochemka yanayeyusha chokoleti yote kwa mara moja, na mafuta yanatoka yakiwa matone makubwa ambayo hakuna nguvu ya kuyavunja. Ukianza na maziwa machache, mchanganyiko unakuwa mzito, kukoroga kunayasaga matone hayo yakawa madogo sana, na protini za maziwa pamoja na lesithini iliyomo kwenye chokoleti zinayazunguka yasiungane tena. Kuhusu chenga, vipande vya chokoleti vinazama na kugusa chini ya sufuria panapozidi joto. Protini zake zinaiva na kushikana, na sukari inaanza kuungua. Chokoleti nyeupe haivumilii moto kama nyeusi.

KakaoKyela

Nijibu lile la siagi ya kakao. Inawezekana kabisa, na faida yake ni kwamba utamu unaupanga mwenyewe.

Kwanza hakikisha ni ya kuliwa. Ile inayouzwa na vipodozi huenda imechanganywa mafuta mengine au manukato, hata kama kwenye kopo kumeandikwa kakao. Tafuta iliyoandikwa wazi kuwa ni ya chakula, na kiambato kiwe kimoja tu. Zipo aina mbili: isiyoondolewa harufu, ya manjano hafifu na inayonukia kakao yenyewe, na iliyoondolewa harufu, ambayo haina ladha karibu yoyote. Kwa kinywaji hiki chagua ya kwanza bila kusita, maana ndiyo harufu pekee ya kakao utakayoipata humo. Kyela, ambako kakao nyingi ya Tanzania inalimwa, sehemu kubwa ya zao inaondoka ikiwa punje kavu, kwa hiyo siagi yake si rahisi kuikuta kwenye duka la kawaida. Waulize wauza vifaa vya kuokea.

Vikombe viwili: maziwa ml 450, siagi ya kakao g 30, maziwa ya unga yenye mafuta g 30, sukari nyeupe g 35, konflawa kijiko 1 cha chai, vanila na chumvi kama alivyoeleza FundiKeki. Sukari ya kahawia haina ubaya, itageuza tu rangi kuwa ya maziwa ya kuungua.

Vitu vikavu vyote vichanganye kwanza pamoja na sukari. Punje za sukari zinatenganisha unga, ndipo maziwa baridi yanapoingia bila madonge. Maziwa ya unga ukiyatupa moja kwa moja kwenye maziwa ya moto, madonge yake yanaloa nje na kubaki makavu ndani, na hata chujio halitakuokoa. Chemsha dakika moja, zima, subiri dakika mbili, ndipo utie siagi ya kakao iliyokunwa kwa kikunio cha karoti.

Hapa waya peke yake hautoshi. Siagi tupu haina lesithini ya chokoleti, kwa hiyo inahitaji nguvu zaidi: blenda ya mkono sekunde 30 hadi 40, kichwa chake kikiwa kimezama. Ukitumia blenda ya jagi, usijaze kupita nusu, toa kile kizibo kidogo cha katikati ya mfuniko na ufunike tundu kwa kitambaa. Mvuke wa kinywaji cha moto ukifungiwa unarusha mfuniko na kuunguza mtu.

Bi_Mji_Mkongwe

Vipimo vyenu ni vizuri, wanangu, ila konflawa mimi siikubali kwenye chokoleti nyeupe. Kakao yake ni ya harufu nyepesi, na wanga unaifunika. Njia ya kupata uzito bila wanga ni kuyapunguza maziwa yenyewe: chukua ml 650 za maziwa kamili, sufuria pana, moto mdogo, dakika 15 hadi 20 ukikoroga na kukwangua pembeni mpaka zibaki kama ml 500. Malai inayojikusanya juu usiitupe, irudishe ndani na uchuje mwishoni. Ladha inakuwa nzito ya maziwa, si ya uji.

Viungo vitiwe humohumo maziwa yanapopungua. Iliki tatu zilizopasuliwa zinatosha vikombe viwili. Mdalasini kijiti cha urefu wa kidole gumba. Kungumanga ikunwe juu ya kikombe wakati wa kunywa, kidogo sana. Zafarani nyuzi sita hadi nane, ziloweke kwanza kwenye kijiko cha maziwa ya moto; zikiingia, kinywaji hakitakuwa cheupe tena, lakini kwa iliki zinaoana vizuri mno. Karafuu ina nguvu mno hapa, iacheni kwenye chai. Kama una ganda la vanila, lipasue, kwangua mbegu, vyote vichemke na maziwa. Arki ya chupa inatiwa moto ukishazimwa, kwani harufu yake huruka na mvuke.

Tangawizi mbichi tahadharini nayo. Ina kimeng'enya kinachokata maziwa, hasa yakiwa ya uvuguvugu. Anayeitaka aichemshe kwanza na maji kidogo dakika tano, ndipo aongeze maziwa.

Na kama ni maziwa mabichi ya ng'ombe, chemsha kijiko kimoja kando kabla ya yote. Yakikatika kwenye kijiko, yameshaanza kuchachuka hata kama hayajanuka, na sufuria nzima itakatika vilevile.

Jikoni_Tanga

Ahsanteni sana, nimeelewa kuhusu kumimina kwa awamu. Maswali mawili zaidi. Kwa asiyekunywa maziwa ya ng'ombe, tui la nazi linafaa? Na chokoleti ikiyeyushwa peke yake kwanza, juu ya maji ya moto au kwenye maikrowevu, kuna faida?

Bi_Mji_Mkongwe

Tui linafaa, ila fuata njia ya siagi ya kakao, maana chokoleti nyeupe ya duka ina maziwa ndani yake. Tui zito ml 200, tui jepesi ml 250, siagi ya kakao g 20 tu kwa sababu tui lina mafuta yake, sukari g 45. Maziwa ya unga hayaingii. Hapo konflawa naikubali, kijiko kimoja na nusu cha chai, kwa kuwa tui halina zile protini za maziwa za kushika mafuta.

Konflawa ichemke kwenye tui jepesi mpaka iive. Tui zito liingie mwisho kwa moto mdogo, ukoroge bila kuacha, na likianza tu kutokota pembeni ondoa. Mnajua lenyewe, likichemka kwa nguvu linakatika.

FundiKeki

Kuyeyusha kwanza hakuna faida kubwa hapa, na kuna hatari mbili. Ya kwanza ni joto. Chokoleti nyeupe ikivuka nyuzi 50 inaanza kuvimba na kuwa chenga. Kwenye maikrowevu tumia nguvu ya nusu, sekunde 15 kwa mara, koroga kila mara, na uitoe vipande vichache vikiwa bado havijayeyuka. Ya pili ni maji. Tone moja la mvuke kutoka sufuria ya chini linatosha kulowesha sukari iliyomo, punje zikashikana na bakuli lote likakakamaa.

Ikishakakamaa usiitupe. Kwa keki imeharibika, kwa kinywaji haijaharibika: tia vijiko vikubwa vitatu vya maziwa ya moto kwa mara moja kwa kila g 100, koroga kutoka katikati, italegea. Kiini ni kwamba maji kidogo sana yanagandisha, maji ya kutosha yanalegeza. Ukitia tone kwa tone unarefusha tatizo.

Kinywaji kilichokwisha kuachana mafuta nacho kinaokoka. Koroga kijiko kikubwa cha maziwa ya unga na maziwa baridi vijiko viwili, mimina humo kinywaji kikiwa cha moto, blenda sekunde 30.

Bi mkubwa, kwenye kupunguza maziwa nakubaliana nawe kuhusu ladha, ila mtu azingatie kwamba sukari ya maziwa inabaki yote maji yanapopungua. Anayefuata njia hiyo ashushe chokoleti hadi g 85 na aache maziwa ya unga, vinginevyo kinakuwa kitamu kupita kiasi.

KakaoKyela

Niongeze la kuhifadhi, maana watu wanatengeneza kingi. Kifunike kikipoa, weka kwenye friji, kisikae zaidi ya siku mbili. Siagi ya kakao itaganda iwe vipande vigumu juu, hilo ni kawaida na hakijaharibika. Kipashe kwa moto mdogo mpaka vipande vyote viyeyuke, ongeza maziwa vijiko viwili kama konflawa imekikaza, kisha kipige tena kwa waya au blenda kabla ya kumimina. Kikipashwa bila kupigwa, mafuta yatarudi juu.